Rele Yenye Mikato Mitatu

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, Inspekta Anastasie alimtoa Fulgence kwenye kasho, chumba cha mahabusu, akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya komisaria ya polisi, palipotupwa gari lililoungua. Viti vilikuwapo ofisini. Lakini ofisini alikuwapo pia Komanda Athanase, na Komanda alikuwa ameandika jina la mwenye kosa tangu Alhamisi.

"Saa kumi wanakupeleka parke, kwa mwendesha mashtaka," Anastasie alimwambia. "Kutoka parke ni gereza kuu. Sina siku ingine ya kukupatia. Sema polepole, lakini usipoteze saa."

Fulgence alikuwa fundi wa magari. Alikimbia vita upande wa Bambu akiwa na sanduku la funguo za ufundi mgongoni, na sasa mke wake na watoto watatu walilala chini ya turubai kwenye site ya wakimbizi. Hakuwa na wa kumpigia simu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na Anastasie alilijua vizuri. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi na aliikumbuka faili kwa faili: mshona viatu aliyefungwa kwa moto wa depo ambalo mwenye nalo alikuwa amekwisha kuhamisha mali yake, mpishi aliyefungwa kwa nyama iliyooza kwenye friji ya tajiri. Kila moto ukiwaka Bunia, anatafutwa kwanza yule asiye na ndugu mwenye cheo. Baadaye ndipo zinatafutwa sababu.

Gari lenyewe lilikuwa Pejo 404 nyeupe ya mwaka 1967. Bibi harusi wa Bunia asiyelipanda hilo alijiona ameolewa nusu. Mwenye gari alikuwa Aristide, mwenye duka la simenti na mabati kule Shari. Jumamosi iliyopita, likiwa limembeba bibi harusi mmoja, Carine, lilikwepa pikipiki kwenye mteremko wa Rwambuzi, likaingiza pua kwenye kanivo, mtaro wa kando ya barabara, likawaka. Shofere, Bienvenu, alimvuta Carine nje akiwa mzima, shela imeungua upindo tu. Kisha akarudi ndani ya gari. Alikufa hospitalini Alhamisi. Jioni ileile Fulgence alikamatwa, kwa kuwa ni yeye aliyeliwekea gari hilo pompi ya umeme ya petroli.

"Nielezee kama mutu asiyejua kitu," Anastasie alisema.

Fulgence alieleza huku akichora vumbini kwa kijiti. Pompi ya kwanza, ile iliyosukumwa na motere, injini yenyewe, ilikuwa imekufa, na vipuri vyake havipatikani tena. Zaidi ya hapo, gari la harusi linatembea polepole na kusimama sana mbele ya kanisa. Esanse, petroli yenyewe, ilichemka njiani kabla ya kufika mbele. Ndiyo maana akaweka pompi ya umeme nyuma, karibu na tanki. Lakini pompi ya umeme ina ujinga wake. Haijui kama motere inazunguka au imekufa. Funguo ikiwa imewashwa, yenyewe inasukuma tu. Gari likigonga kitu na mpira wa esanse ukachomoka, itaendelea kumwaga esanse juu ya chuma cha moto mpaka tanki liishe.

Kwa hiyo aliweka kikatio. Umeme wa pompi aliupitisha kwenye rele, kile kidude kidogo cha mraba kinachofungua na kufunga njia ya umeme, na rele hiyo aliiunganisha na kipimo cha nguvu ya mafuta ya kulainisha motere. Motere ikizunguka, mafuta yana nguvu, rele inafunga njia, pompi inapata umeme. Motere ikisimama, nguvu inashuka, rele inafungua. Wakati wa kuwasha, waya mwingine kutoka kwenye starta uliipa pompi sekunde chache.

"Pompi yangu inalia tik, tik, tik," alisema. "Motere ikizima, inalia mbili ao tatu, inanyamaza. Nilimuonyesha Bienvenu mara kumi. Alikuwa anacheka kama mutoto."

Anastasie aliuliza kwa nini hakuweka kile kikatio kingine alichokiona kwenye magari ya mashirika, chenye kipira ndani, kinachoruka gari likigonga.

"Kwa barabara ya Bunia? Kingeruka kila shimo. Shofere angechoka, angekiondoa siku ya pili."

Anastasie alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaingia kwenye gari.

Alianza na mahali pa shofere. Kiti kilibaki springi tu. Funguo ilikuwa bado kwenye kontakti, tundu la kuwashia gari, imeyeyuka kichwa, lakini shina lake lilisimama wima. Alilinganisha na alama zilizobaki kwenye chuma. Zero. Aliandika kwenye daftari: kontakti imezimwa. Kisha akaweka alama ya kuuliza, maana mashahidi wote walisema moto ulianza Bienvenu akiwa nje tayari, na klakson, honi ya gari, ikilia bila kukoma, hata walio mbali walidhani harusi inapita. Kama klakson ililia, funguo ilikuwa bado imewashwa; basi nani aliizima?

Nyuma, chini ya kiti cha abiria, alikuta kikalio cha rele, kimeyeyuka kama mshumaa. Rele yenyewe haikuwapo. Badala yake, kati ya matundu mawili, kilikuwamo kipande cha shaba, kinene kama njiti ya kiberiti, kimekunjwa kama herufi U.

Fulgence alisimama kutoka kwenye ndoo. Askari wa zamu akamrudisha chini kwa bega.

"Mama, ile si yangu. Ile ni waya ya nyumba. Waya mugumu, wa ukuta. Gari inatetemeka, waya ule unavunjika. Mimi natia waya wa nyuzinyuzi, ata mwanafunzi wangu wa kwanza alijua. Na ile, mama, ni direct. Mutu ametosha rele, ameiondoa, ametia direct, umeme unapita siku zote."

"Rele yako nitaijuaje?"

"Kwa sikio lake. Lile la chuma, la kufungia parafujo. Nililikata na msumeno mara tatu."

Hilo halikumshangaza. Kwenye garaji zote za Bunia vitu hutembea. Alternata inalala kwenye gari hili na kuamka kwenye lile. Kila fundi ana alama yake, na ugomvi wa alama ulimletea Anastasie kesi nyingi kuliko ugomvi wa wanawake. Alipekua gari kwa saa moja na nusu. Alichambua majivu kwa kichungio cha mchanga alichoazima kwa waashi wa jirani. Nyuma hakukuwa na kitu. Katikati, hakuna. Aliipata mbele kabisa, kando ya tarumbeta mbili kubwa za klakson ambazo Aristide alizitoa kwenye lori: rele nyeusi, plastiki yote imeliwa, sikio la chuma limebaki.

Alimwekea Fulgence kiganjani. Fulgence alipitisha ukucha juu ya sikio, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Ni yangu. Lakini pale si nafasi yake. Pale ni pa klakson."

Komanda Athanase alisikiliza yote hayo akiwa amesimama, kofia tayari kichwani. Alikiri kwamba rele ilihamishwa. Kisha akauliza, bila hasira, ni nani anayejua kuhamisha rele kama si fundi. Akafungua PV ya Aristide, maelezo yake ya polisi, akaweka kidole: *Klakson ilikuwa imekufa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, saa moja, fundi Fulgence alikuja kwangu akaipanga.* Basi huyo fundi wako, alisema Komanda, alikosa rele ya klakson, akachukua ya pompi, akatia direct, akaenda. Ulichofanya asubuhi nzima, inspekta, ni kunikazia kamba ambayo nilikuwa nimeifunga vibaya.

Ilikuwa hoja nzuri. Anastasie alitoka bila kuaga, akasimamisha pikipiki.

Kwenye site hakukaa saa nzima. Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kugawa unga, na watu walipanga mstari tangu saa kumi na mbili, kwa namba, kwa sababu atokaye kwenye mstari hupoteza mwezi mzima. Katibu wa kamati alimletea orodha. Fulgence, namba arobaini na moja. Saini yake, na kando yake saa: tano kasoro robo. Wazee kumi walio mbele yake na nyuma yake waliapa, kila mmoja kwa wakati wake na bila kusikia wenziwe, kwamba hakutoka hata kwenda chooni, na kwamba aliwachosha kwa hadithi za karbureta. Anastasie aliipiga picha orodha, akapanda tena pikipiki. Ilikuwa saa sita na nusu.

Aristide alimpokea dukani kwake Shari kwa kiti na soda. Anastasie hakukaa. Alimwekea picha ya orodha mbele ya macho.

Aristide aliisoma taratibu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kusoma matangazo kanisani. Alisema labda alichanganya siku. Watu wanaingia na kutoka kwake, mama inspekta anaona mwenyewe.

"Basi klakson ilipangwa na nani?"

"Mimi nilikuta inalia."

"Na kama isingelia?"

"Mama, harusi bila klakson ni kilio. Watu wangesema gari ya Aristide imezeeka. Nilimwita Bienvenu, nikamwambia apange."

"Apange na nini?"

"Mimi nauza simenti."

Alimsukumia soda karibu zaidi. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba Bienvenu amekufa, na mtu aliyekufa haulizwi. Mjane wake, Godelive, anakaa kwenye nyumba ndogo ndani ya parsele, kiwanja chake, yeye Aristide. Hajamtoa, wala hataki kumtoa. Ametaka tu jina la marehemu libaki safi. Mkimbizi mmoja amekosea waya, mambo yameisha.

"Umemwambia hivyo Godelive mwenyewe?"

"Hospitalini. Mbele ya padri."

Anastasie alitoka kwa mlango wa nyuma, unaoingia moja kwa moja kwenye parsele.

Matanga yalikuwa yanaendelea. Wanawake sita au saba walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ndogo ya matofali. Godelive alikuwa katikati yao, kitambaa kimefungwa kichwani, macho makavu. Alipoona uniformu alisema kabla ya salamu kwamba yule fundi aoze kulekule kasho. Wenzake waliitikia. Anastasie alisema pole, akasema tena pole, akaomba maji ya kunywa. Godelive, kwa kuwa mgeni aliyefika kwenye matanga hanyimwi maji, aliinuka mwenyewe kuyaleta. Anastasie akamfuata ndani.

Chumba cha kwanza kilikuwa na taa. Cha pili kilikuwa giza, na mshumaa ulikuwa umebanwa kwenye kopo juu ya sanduku. Anastasie aliwasha tochi ya simu, akaipitisha ukutani. Kutoka mlangoni hadi juu ya kitanda, misumari midogo ya kushikilia waya ilipangana mmoja mmoja, na kati yake ulipita mstari mweupe mahali vumbi na moshi havikufika. Waya haukuwapo.

"Mama Godelive, waya wa hapa umeenda wapi?"

Godelive alisimama na kikombe mkononi.

Anastasie hakumharakisha, ingawa saa ilimwasha mkononi. Alitoa kwenye mfuko kile kipande cha shaba, akakiweka juu ya sanduku, kando ya mshumaa. Akaeleza kwa maneno machache kilikotoka. Akaeleza na ile rele.

"Alikata saa kumi na mbili asubuhi," Godelive alisema. "Nilimugombeza. Nikamuambia, weye uko naiba waya wa nyumba yako mwenyewe. Akasema atarudisha. Patron Aristide alipiga simu usiku, alipiga tena asubuhi. Nilisikia kwa masikio yangu, Bienvenu alikuwa ameweka simu kwa sauti kubwa akivaa shati. Patron alisema, tosha ile ya pompi, weka kwa klakson, pompi itatembea tu. Bienvenu akasema, fundi alikataza. Patron akasema, gari ni ya fundi ao ni yangu?"

"Na kwa nini ulinyamaza?"

"Nyumba." Aliweka kikombe chini. "Na tena, nikisema, watu watasema nini? Watasema alijichoma mwenyewe. Watoto watakua na neno lile. Afazali ikuwe fundi."

Hapo ndipo mtu mwingine angemtisha kwa kifungu cha sheria. Anastasie alivijua vifungu hivyo na alivijua vilivyotumika, siku zote kwa wajane. Alifungua daftari kwenye ukurasa wenye alama ya kuuliza.

"Walikuambia Bienvenu alirudi ndani ya gari kufanya nini?"

Kuchukua simu, Godelive alijibu. Ndivyo walivyosema wote.

"Simu ilikuwa wapi?"

Godelive alifikiri. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Yeye mwenyewe aliitoa hospitalini, kioo kimepasuka.

"Basi hakurudi kwa simu. Sikiliza. Kama ningekuwa mimi, ao weye, tungekimbia mbali. Mutu anayeamini kikatio cha Fulgence angekimbia pia, juu anajua motere imezima, pompi imezima. Bienvenu peke yake ndiye alijua pompi haitazima. Mashahidi wanasema Carine alikuwa kwenye nyasi, shela imeshikana miguu, hawezi kusimama, na esanse ilikuwa inateremka kwake. Ya kuizima ilibaki njia moja. Funguo."

Godelive alimtazama.

"Kontakti nimeiona leo asubuhi kwa macho yangu," Anastasie alisema. "Iko kwa zero. Alifika. Alizima."

Nje wanawake walikuwa wameanza wimbo, wakaukatiza katikati, labda kwa kuwa waliona mwenye matanga harudi.

"Siku tano," Godelive alisema. "Kila nikimulisha maji na kijiko, alikuwa ananiuliza: Gode, funguo, niliizima? Mi sikujua ni funguo gani. Nilimujibu ndiyo, umeizima, lala. Kwa kumutuliza tu." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kumbe sikumudanganya."

Kisha akauliza karatasi iko wapi.

Anastasie aliandika PV juu ya sanduku, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alisema wazi kwamba hawezi kuahidi lolote kuhusu nyumba. Godelive alisema hakuuliza. Alisaini jina lote, lake na la mumewe, kwa mwandiko wa shule ya masista. Halafu akatoka mlangoni, akawaambia wenzake wakunje mikeka. Matanga yatamalizikia kwa dada yake. Wakauliza kwa nini. Aliingia tena ndani na kuanza kung'oa waya wa chumba cha kwanza, msumari baada ya msumari, maana huo nao Bienvenu ndiye aliyeununua.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano Anastasie aliweka karatasi tatu kwenye meza ya Komanda: PV ya Godelive, picha ya orodha, na hati ya wito yenye jina la Aristide. Komanda alisoma ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu alivua kofia. Simu yake ilikuwa inatetemeka mezani, ikazunguka kama mende aliyelala chali. Wote wawili waliona jina lilelile kwenye kioo.

"Unajua unamuita nani?"

"Namujua. Nimemwandika kwa herufi kubwa."

"Atasema ni neno la mujane."

"Ni neno la mujane, na la ukuta, na la wazee kumi wa mustari wa unga. Na kampuni ya simu itatupatia saa ya zile simu mbili. Weye unaweza kutosaini, Komanda. Lakini utaandika sababu, na mimi nitaitunza."

Komanda alijua kwamba angeitunza. Aliitazama simu mpaka ikanyamaza. Akasaini, si kwa furaha, akamwambia aondoe yule fundi kabla hajabadili mawazo.

Fulgence alipewa mkanda wake, viatu vyake, na sanduku la funguo. Aliomba na rele. Anastasie alimwambia rele inabaki, ni shahidi sasa. Alikubali, ingawa aliitazama mara mbili kwenye mfuko wa plastiki.

Walifika getini pamoja, yeye akielekea site na Anastasie akielekea Shari na hati mkononi. Ndipo zikasikika klakson. Ilikuwa Jumamosi, watu wanaoa. Pikipiki kumi na tano zilitangulia, nyuma yake gari la zamani la bluu lenye riboni, na gari lilipofika kwenye tuta mbele ya komisaria, shofere alikosea gia, motere ikazima. Wapiga makofi wakacheka. Shofere, kwa aibu, aliondoa mkono kwenye klakson.

Fulgence alikuwa ametupa sanduku chini. Alivuka barabara kati ya pikipiki bila kutazama, akainama nyuma ya gari, sikio karibu kabisa na bati. Bibi harusi aligeuka kumtazama kupitia kioo, na mtu mmoja akamwuliza kama ana kichaa.

Tik. Tik.

Alingoja. Anastasie naye, ng'ambo ya barabara, alijikuta anangoja. Hapakuja ya tatu.

"Pompi hii nayo ni mimi niliweka," Fulgence alimwambia shofere, akijifuta vumbi magotini. "Sasa washa, baba. Wanakungoja."

Akarudi kuchukua sanduku lake. Anastasie alikuwa amekwisha kupanda pikipiki, hati ya wito imebanwa kifuani, na alimwambia mwendeshaji apite njia ya mkato, kwa sababu Aristide hufunga duka saa kumi na moja.